Kiti Mbele ya Ng'ombe

Ndani ya basi, kinyozi alijifanya anasinzia, lakini masikio yake yalikuwa kazini. Kwenye kiti cha mbele, mama muuza viatu alikuwa amembana mwenye kiwanda cha magodoro. "Kaka yangu, kweli unafadhili jumba la picha za kuchora? Si ungefadhili timu ya mpira, jina lako lipigiwe vigelegele!"

"Dada, baba yangu alipoanza kusahau, alinisahau na mimi. Siku moja mvua ikatuingiza mle ndani. Akaona picha ya kundi la ng'ombe, akaanza kuwaita kwa majina, mmoja mmoja. Walinzi wakamletea kiti. Tukawa tunarudi kila Ijumaa mpaka alipofariki, na kila tukifika, kiti kinamngoja. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba wale si ng'ombe wake."

"Mungu awabariki," mama akasema, kisha akakumbuka ubishi wake. "Lakini hata mpira, kaka..."

Kinyozi alitamani kumfinya.

Basi likasimama. Mwenye magodoro akainuka.

"Na wewe," mama akamuuliza kwa sauti ya chini, "alikukumbuka?"

"Wapi, dada! Ila kila tukitoka alinishika mkono: 'Ahsante, kijana. Wewe ni mtoto wa nani, nikamshukuru baba yako?'"