Bawaba, Fundi wa Kufuli Aliyeigiza Mwizi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, na ni mimi niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Kabla sijaanza naomba mniwie radhi, maana tumekaa siku mbili kuiandika karatasi hii, na hadi leo asubuhi wanafamilia walikuwa bado wanabishana ni lipi marehemu alilitenda na ni lipi tuliliona kwenye televisheni.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bawaba, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni ambako baba yetu alikuwa mlinzi. Cheti kinasema alizaliwa saa nane mchana, dada yetu mkubwa anasema ilikuwa asubuhi, na kwa kuwa dada alikuwepo na karani wa vyeti hakuwepo, tumeandika asubuhi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974. Akiwa darasa la sita, mwalimu mkuu alijifungia ofisini, ufunguo ukakatikia ndani ya kitasa, na marehemu akamtoa kwa spoku ya baiskeli, akashukuriwa mbele ya shule nzima, kisha akachapwa viboko vinne kwa kujua jambo ambalo mtoto hapaswi kulijua. Januari 1976 alianza kujifunza ufundi wa kufuli, na Mei 1984 akafungua kibanda chake mwenyewe, chenye jiliwa moja la kubania vyuma, tupa kumi na moja, na funguo zilizoning'inia ukutani kwa mamia. Kufuli likimkatalia alilibembeleza kama mgonjwa, akisema, "Nifungukie basi, mimi sina ubaya," na mteja akicheka aliambiwa akasubiri nje.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Septemba 1989, na shemeji yangu huyu mnayemwona hapa mbele, mshonaji, ambaye alifika kibandani kutengenezewa kitasa cha kabati na akarudishwa mara tano kwa kisingizio cha skrubu. Walijaliwa mtoto mmoja, wa kike, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1996.

Sasa nafika pale palipotuvuruga. Mwishoni mwa Mei 1996 alikuja mtu tuliyemwita Dairekta, akitafuta fundi anayeweza kufungua kufuli kweli mbele ya kamera, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kupiga tukio mara mbili. Filamu iliitwa Kikosi cha Mikono Mirefu, habari ya wezi wanne wanaokamatwa, wanatubu, na kugeuka kuwa wawindaji wa wezi wenzao. Ilipigwa kwa siku kumi na tisa. Sare ya polisi ilikuwa moja, ikivaliwa kwa zamu na watu watatu, ndiyo maana hamkuwahi kuona askari wawili pamoja. Bastola ilikuwa ya mbao iliyopakwa rangi ya viatu, na gari la kukimbizana halikuwa na injini, kwa hiyo wezi wote walilazimika kukimbilia mteremkoni. Yule aliyeruka kutoka paa hadi paa alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa pili, kwa kuwa marehemu alikuwa anaogopa hata ngazi ya kubadilishia taa.

Baada ya filamu kuonyeshwa, watu hawakutaka kusikia habari ya mwoka mikate. Waliamini Bawaba alikuwa mwizi kweli na akatubu kweli. Mtaani kukiibwa kuku, anaitwa Bawaba. Baiskeli ikipotea, watu wanajaa kibandani wakimwambia, "Bawaba, wewe unawajua wenzako, twende!" Naye alikwenda, ameshika tupa, akiomba Mungu wasimkute huyo mwizi. Siku moja walimkuta, na mwizi alipomtambua kutoka kwenye televisheni akatupa redio na kuanza kulia, marehemu naye akalia, na jirani zetu wanasimulia mpaka leo kwamba alimgeuza moyo kwa maneno mazito.

Jana, tukitafuta vyeti, tulifungua sanduku lake la bati. Ndani tulikuta kitambulisho cha upelelezi chenye picha yake, barua ya pongezi kutoka kwa mkuu wa polisi yenye muhuri mkubwa mwekundu, na hati ya kuachiwa kutoka gerezani, ya tarehe 8 Septemba 1997, baada ya miezi kumi na minne, kwa kosa la kuvunja duka na kuiba. Kamati ya mazishi ilikuwa imeshaandika kwamba marehemu alipewa nishani. Dada akasema zote ni karatasi za filamu na kaka alikuwa safarini akipiga sehemu ya pili. Binamu akasema sehemu ya pili haikuwahi kuwepo. Shemeji alipoulizwa alijibu kwamba gerezani alikwenda, yeye mwenyewe alimpelekea chakula akiwa na ujauzito, ila kuhusu wizi alimwuliza mumewe mara moja tu, akamjibu, "Nilifungua mlango ambao haukuwa wetu," naye akaacha kuuliza.

Mtoto wa marehemu alikuwa ameshika zile karatasi tatu. Akanigeukia, akaniambia, "Baba mdogo, kesho namzika nani? Kama alikuwa mwizi niambieni, nitamzika hivyohivyo, lakini nataka kujua." Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, huyu filamu, huyu gereza, na mimi nikaandika kwenye karatasi hii kwamba kipindi hicho cha maisha yake hakieleweki vizuri.

Ndugu waombolezaji, sentensi hiyo ipo hapa kwa mwandiko wangu, na sitaisoma zaidi ya hapo. Wengine wamechanganyikiwa kwa haki. Mimi nimejificha ndani ya kuchanganyikiwa kwao kwa miaka ishirini na saba.

Alhamisi, tarehe 20 Juni 1996, saa tisa alasiri, tulikwenda kupiga tukio la mwisho, la kuvunja duka la redio. Nasema tulikwenda, kwa sababu nami nilikuwepo, nikishika ubao uliobandikwa karatasi ya kung'aa ili jua liwapige waigizaji usoni. Mwenye duka alikuwa amekubali, mlango wake wa buluu, wa tatu kutoka kwenye kona. Dairekta akahesabu kutoka kona ya upande wa pili. Huko nako mlango wa tatu ulikuwa wa buluu, na ndani kulikuwa na redio vilevile. Kaka alifungua kufuli kabla sijahesabu hadi hamsini, waigizaji wakatoka na redio nne wakikimbia kama walivyoelekezwa, na mwenye duka hilo, asiyejua lolote, akatokea barabarani akipiga kelele za mwizi. Tulikuwa hatuna kibali. Dairekta alikimbia na kamera, waigizaji wakakimbia na redio, nami nikatupa ubao nikakimbia. Kaka alibaki. Alikuwa anarudisha kufuli mahali pake, kwa sababu hajawahi kuacha mlango wa mtu wazi, na polisi walimkuta nalo mkononi.

Mahakamani alieleza kwamba ilikuwa filamu. Hakimu akauliza kamera iko wapi, watu wakacheka. Redio mbili hazikuwa zimerudi, na Dairekta na waigizaji hawakuonekana, wala yule mwenye duka aliyekubali. Kisha hakimu akamwuliza kama kuna mtu yeyote mle ndani anayeweza kuthibitisha maneno yake. Nilikuwa benchi la tatu. Nilikuwa chuo cha ualimu, nimebakiza mwezi mmoja, na mwanafunzi mwenye kesi ya wizi alikuwa anafukuzwa siku hiyohiyo. Kaka alinitazama, tukatazamana, kisha akamwambia hakimu, "Hapana, mheshimiwa, hakuna."

Filamu ilionyeshwa mwezi Novemba, naye akaitazama akiwa ndani pamoja na wafungwa, akijiona anakamata wezi, na wenzake wakimshangilia. Kile kitambulisho na ile barua ya pongezi ni vya filamu hiyo; hati ya gereza ni ya kweli. Alipotoka, binti yake alikuwa na miezi kumi na moja na alimjua kwa kioo cha televisheni tu, akamtazama yeye, akaitazama televisheni, akalia. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa. Kaka hakunilaumu hata siku moja, na kila watu waliposema aliwahi kuwa mwizi akatubu, nami nikiwa nimekaa palepale, alicheka tu na kuendelea kuchonga funguo.

Alipatwa na kiharusi Ijumaa, tarehe 19 Januari 2024, akalazwa, na akafariki Jumatatu, tarehe 5 Februari, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi kumi na siku ishirini na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku kumi na saba, majirani mliolala nasi sebuleni, mafundi wenzake mliofunga vibanda vyenu leo, na mwoka mikate, aliyefika kwa mkongojo.

Mwanangu, uliniuliza unamzika nani. Unamzika fundi wa kufuli, mtu ambaye hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Hakimu aliuliza kama kuna anayeweza kuthibitisha. Yupo. Ni mimi, nilikuwepo, niliona.

Kaka, sasa nimesema. Pumzika.