Blanketi Alilobeba Mzee Masinde

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Phanuel Masinde wa Matungu, mkulima wa miwa, aliyetuacha Jumanne. Familia imeniomba nisiwalize. Basi nitawapeleka mlimani.

Ilikuwa enzi za sukari. Miwa ilikuwa inalipa vizuri, na watu wa kwetu wakaanza kutafuta starehe za ajabu. Kwaya ya kanisa lao ikaamua kwamba Jumatatu ya Pasaka itapanda Mlima Elgon, kutwa nzima, kwa miguu. Hakuna ng'ombe aliyepotea wa kutafutwa. Kutembea tu! Masinde, kijana mkata miwa mwenye miguu mirefu, akawa wa kwanza kurukia lori.

Jambo moja hakuambiwa. Kwaya ya Mautuma nayo ilialikwa, na kiongozi wa sauti ya kwanza huko alikuwa Mama Jael, mama mkwe wake.

Mila yetu mnaijua. Mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawagusani hata kidogo. Ukimwona anakuja, unachepuka. Lakini ile njia ya mlimani, wapendwa, huku ni jabali na huku ni bonde. Utachepukia wapi?

Masinde aliwapita wenzake wote, akakata kona, akamkuta Mama Jael ameketi juu ya jiwe anakula obusuma baridi, ule ugali wetu. Akajirusha kwenye majani yanayowasha. Mjane wake Awinja, aliyekuwa amebaki nyumbani na mtoto mchanga, ameniambia, "Alirudi uso umevimba, nikafikiri ni nyuki."

Kuanzia hapo ilibidi mama atangulie, maana kumpita kwenye njia ile nyembamba ni kumgusa. Naye mama alikuwa na mwendo wa kuchuma dawa, mti huu na ule. Yule mwenye miguu mirefu akawa wa mwisho, kwenda na kurudi, yeye na rafiki yake Khisa. Wakati wa kuteremka, kwaya nzima ilikuwa imeshapotelea mbele. Ndipo Mama Jael akateleza, mguu ukateguka. Ukungu nao ukashuka. Baridi ya kule juu si mchezo. Akilala pale, haoni asubuhi.

Khisa alikuwa na kifua kibovu, hawezi kubeba mtu. Masinde angeweza, lakini amshike mama mkwe? Alisimama kando ameangalia jabali, akamtuma Khisa ampe mama pole. Khisa akampa. Mama akasema aambiwe amesikia. Na wote watatu wako pale pale! "Nilikuwa nasemanga kila neno mara mbili," anakumbuka Khisa, "mpaka sauti ikakauka."

Walibishana hivyo kupitia kwa Khisa hadi jua likakaribia kuzama. Mwishowe Mama Jael akachukua blanketi alilokuwa amejitanda mabegani, akajifunika kichwa hadi miguu, akasema akiwa humo ndani:

"Khisa, mwambie huyo kijana abebe blanketi. Kilicho ndani hakimhusu."

Masinde akabeba blanketi. Blanketi likamtuma Khisa amwambie apunguze mwendo, lenyewe si mzigo wa miwa. Kwenye mteremko mkali blanketi likasali. Kulipokuwa tambarare likaimba wimbo wa Pasaka, sauti ya kwanza, bila kukosea. Walifika kwenye lori watu wameshaanza kulia.

Miaka yote, Masinde akiulizwa alimbeba nani, alijibu: nilibeba blanketi. Narudia, blanketi. Mama Jael naye alisema aliteremshwa na Khisa. Khisa huyo huyo wa kifua kibovu! Walikuwa wanalindiana heshima. Lakini heshima hiyo ilimnyima Masinde neno moja. "Alitamani mama amwambie asante," anasema Awinja. "Hakulalamikanga, ila mimi nilijua."

Juzi asubuhi Mama Jael, sasa ana miaka tisini na kitu, aliletwa Matungu kwa kiti cha magurudumu. Akaomba asogezwe kwenye jeneza. Wazee wakatazamana. Khisa akamwinamia, kwa mazoea, apokee ujumbe. Mama akamsukuma kando.

"Masinde," akasema, kwa mdomo wake mwenyewe. "Nilikuwa mimi. Asante, mwanangu."

Awinja, watoto na wajukuu, nasi Matungu nzima tumeumia pamoja nanyi. Poleni sana. Nawe unayenisikiliza, yuko mtu aliyekubeba na hujamwambia. Inuka umwendee angali hai. Usimtume Khisa.