Kikombe cha Zamu

Kefa, zima simu hiyo. Wateja wako wa forodha watakusubiri, na malori yaliyolala foleni siku tatu hayatakufa yakingoja saa moja zaidi. Anastazia, mwanangu, niinue kidogo, weka mto mgongoni, halafu kaa pale ninapokuona. Watson, mzee mwenzangu, kaa karibu na mlango uwe shahidi, na ukisikia naongopa unikatize. Na wewe Tabita, mdogo wangu, sikukuita kutoka Msangano uje kunipikia uji. Kaa. Sikilizeni wote, maana pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kusema mara moja tu.

Nina hasira. Nilitaka kufa mtulivu kama mchungaji anavyonishauri kila akija, nimeshindwa, na aliyenishinda ni wewe Kefa, mwanangu wa kwanza, niliyekusomesha kwa mshahara wa mtambo wa maji. Juzi nimelala humu, mnadhani dawa zimenizidi, nikasikia huko uani ukisalimiwa "mulishani, bwana," nikajua umeleta mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kisha nikasikia futi kamba ikivutwa kwenye kiwanja changu cha nyuma, na wewe ukimwambia kwamba pale panatosha kuoshwa malori sita kwa mpigo, na maji machafu yatajiendea yenyewe mtoni. Yatajiendea! Unapima ardhi yangu nikiwa bado napumua, na hata aibu ya kushusha sauti huna!

Unajua yanakokwenda? Hatua mia mbili chini ya kiwanja hicho lipo banio, pale mtambo unapokinga maji ya mto ili uyasafishe na kuyapeleka kwa watu. Nimeuendesha mtambo ule miaka thelathini na mmoja. Tope naliweza: unatia shabu, tope linashikana, linazama. Vijidudu naviweza, klorini ikiwepo. Lakini dizeli na oili chafu hazitolewi na shabu wala na mchanga wa chujio, na mama wa mjini atachota hizo hizo amkorogee mtoto uji. Niliyaona kwa macho haya, wakati wengine walipokuwa wakiosha malori hapo hapo unapopataka, maji yakimeta rangi rangi ndani ya tangi. Nikaandika barua, nikaandika tena, mkubwa wetu akaniambia niache kujifanya mwenye mto. Ndipo nikauza mahindi ya misimu miwili na ng'ombe wa mama yenu, nikanunua kiwanja kizima, nikaacha nyasi ziote. Watu walinicheka mpaka kanisani. Mama yenu, marehemu, hakunisemesha wiki nzima.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Hasira hii ina mzizi, na Tabita ameitwa kwa sababu hiyo.

Pale mtamboni tulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Anayemaliza zamu asubuhi anakinga kikombe kwenye bomba la tangi la maji safi, anakunywa mbele ya mwenzake anayeingia, na mwenzake anamtazama koo. Akimeza, zamu imepokelewa. Hakukuwa na sahihi iliyozidi hiyo. Mwaka ule wa mvua kubwa, Kefa ukiwa darasa la sita, klorini ilituishia siku nne, nikafunga vali ya kwenda mjini. Mkubwa akapiga simu: kuna mgeni anakuja kuzindua bomba, fungua. Nikamwambia maji hayana dawa. Akasema, "Siwale, kazi unaitaka au huitaki?" Nikafungua, kwa mkono huu huu. Asubuhi Watson akaja, nikakinga kikombe, nikakipeleka mdomoni, na sikumeza. Niliyatema chini, nyuma ya buti langu. Watson aliona, akatazama pembeni, akaingia zamu. Ni uongo, Watson? Haya. Mmemwona wenyewe, anaitikia kwa kichwa.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yenu achemshe kila tone. Watson naye akamwambia mkewe. Nyumba mbili katika mji mzima! Tabita, binti yako Dina alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili, anajifunza ushonaji, na siku ile ile nilipita mlangoni pake na baiskeli, akaniita, "Mjomba, karibu japo maji." Nikasema nina haraka. Niliogopa kwamba nikimwambia atawaambia wenzake, na ikijulikana ni mimi, kazi sina. Siku ya tano alikuwa kwenye hema la wagonjwa wa kuhara. Siku ya sita nililibeba jeneza lake, nikiwa mbele kabisa. Wakubwa wakapita na kipaza sauti kwamba watu wa mtaa ule hawanawi mikono, nami nikawakasirikia, ninawakasirikia mpaka leo, na hasira hiyo imenifaa, kwa sababu mtu anayefoka vile hakuna anayemuuliza yeye alikuwa wapi. Kiwanja nilikinunua mwaka uliofuata.

Usilie, Anastazia. Ngoja nimalize.

Nyumba hii ni yako wewe, uliyenigeuza kitandani miezi yote hii. Kefa, chukua shamba la kahawa la Hasamba, ulipalilie, usilikodishe. Kiwanja cha nyuma ni cha Tabita. Kaa chini, Kefa! Usinikunjie uso. Karatasi anayo Watson, na mwenyekiti wa mtaa ameshagonga muhuri. Simpi sharti lolote. Akitaka nyasi ziendelee kuota, sawa. Akitaka malori, ayalete, maana mimi niliyemnywesha mwanawe maji yale sina mdomo wa kumpangia. Nimekitunza miaka yote, na sasa mji mzima uko mikononi mwake.

Mnizike Msangano, karibu na Dina, shangazi yenu akikubali. Akikataa, popote. Mtu wa ofisini asipewe nafasi ya kuhutubia... hata dakika moja. Mungu awabariki wanangu. Awape kazi, na awape ujasiri wa kumeza mbele za watu chochote mtakachowapa watu.

Nimechoka. Anastazia, kinga maji bombani, kikombe kile cha bati. Usiyachemshe. Mpe shangazi yako... ndiyo, yeye. Tabita, ninyweshe wewe. Watson, sogea, unitazame koo. Safari hii nameza.

Tabita?

Mbona unasimama... Kefa, mpishe mlangoni. Mpishe, nimesema. Asishikwe mkono, asibembelezwe na mtu.

Ametoka?

Mlango uacheni wazi. Hapana, Anastazia... si kwa mkono wako. Kiweke mezani. Nitakunywa akirudi.