Seva ya Sabri Dirishani

Ijumaa asubuhi, benchi la nje ya mgahawa wa Hamdan, kule mtaa wa Imbaba kando ya mto Nili, lilikuwa na wafuga njiwa watatu na ubishi mmoja. Sabri alikuwa ameigeuza simu yake kuukuu kuwa seva. Miezi minne alijifunza, akakosea, akarudia, mpaka simu ikaweza kuonyesha kurasa zake kwa mtu aliye mbali. Ndani alikuwa amenakili daftari la marehemu baba yake, nasaba za njiwa wa miaka thelathini. Daftari lenyewe lilishaliwa na panya. Alitaka nduguye Ramzi, aishiye mji wa Tanta, aisome nakala hiyo bila mwingine kuchungulia, hasa Zaghlul, jirani yake wa paa la pili, aliyekwisha kumnasia njiwa sita. Leo aliileta simu ijaribiwe. Akaichomeka chaji dirishani, nyuma ya migongo yao, akampa Zaghlul anwani ya kurasa.

— Ukiingia kabla ya sala, dume langu jeupe ni lako.

— Anza kumuaga, — Zaghlul akasema, akapiga funda la kahawa.

Akajaribu jina la baba yake Sabri. Wapi! Akajaribu jina la dume jeupe. Neno la siri si sahihi. Akajaribu jina la mkewe Sabri.

— We! Hilo umelijulia wapi?

— Mtaa mzima unakusikia ukimwita akuletee chakula, kaka.

Ami Fikri, waliyemwita Mhandisi kwa kuwa zamani alitengeneza lifti, akacheka.

— Acha neno la siri. Yadake maneno njiani, yakiwa hewani.

— Yadake tu, Ami, — Sabri akasema. — Yanasafiri yamefumbwa. Bila ufunguo utaambulia makorokoro.

Alijiona mkubwa. Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivi pale benchini. Kahawa ya pili ikaja, na ya tatu. Mara Zaghlul akaitikisa simu yake.

— Mbona haikatai tena? Inasema ukurasa haupatikani.

Sabri akatabasamu, ingawa naye hakuelewa.

— Imejificha. Ukikosea sana inakuhesabu mwizi.

— Uliiagiza ifanye hivyo?

— Kwa namna fulani.

— Sio hivyo, — Mhandisi akasema. — Lifti ikizidiwa hukwama kati ya ghorofa. Hii imepandwa na joto, imekwama katikati.

— Katikati ya wapi, Ami?

— Katikati ya mtandao! Kurasa zinaning'inia juu ya mto Nili saa hizi.

— Basi njiwa wangu watazileta, — Zaghlul akasema. — Au serikali imeshagundua nasaba za Sabri, imezichukua kwa usalama wa taifa.

— Dume jeupe litapewa cheo!

Wakacheka mpaka Hamdan akachungulia mlangoni. Sabri alicheka kuliko wote. Alishaanza kuamini kwamba seva yake ina akili ambazo yeye hakuipa.

Hapo Ramzi akatokea, kofia mkononi, jasho la safari ya Tanta usoni. Akawasalimu mmoja mmoja, akambusu Sabri mashavuni.

— Nilikuwa naisoma njiani, ndugu yangu. Nimefika kwa yule jike wa kijivu wa baba, machozi yakanitoka. Halafu ikakatika.

— Imejificha, — Sabri akasema.

— Imekwama, — Mhandisi akasema.

— Sawa, — Ramzi akasema. — Lakini simu yenyewe iko wapi?

Wakageuka wote watatu. Dirishani waya wa chaji ulining'inia peke yake, ukiyumba kwa upepo.

Sabri akaukamata waya. Neno la siri lenye herufi thelathini, mafumbo, ufunguo, vyote alivikumbuka, na hakukumbuka kugeuza shingo hata mara moja.

— Yule bwana wa shati la mistari, — Hamdan akasema taratibu. — Aliyekunywa chai amesimama hapo dirishani. Kaelekea sokoni.

Wa kwanza kutupa kikombe na kutimua mbio alikuwa Zaghlul.