Papa Libérat Kashindi, Kamanda wa Mashuka

Tarehe 30 Juni, saa sita mchana, Papa Libérat Kashindi atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika chumba cha kufulia cha hospitali yetu hapa Uvira. Kwa makadirio yake mwenyewe, amefua mashuka ya kuufunika mji kutoka Kavimvira hadi Kalundu, na mengine yakabaki. Hatukuhakiki.

Tuanze na ukweli anaopenda kuuruka: Papa Libérat hajawahi kuwa mwanajeshi. Akiwa kijana alikwenda kujiandikisha, akakaa kambini siku kumi na moja akimenya mihogo, kisha daktari akaziona nyayo zake bapa na kumrudisha kwa mama yake. Bunduki hakuigusa. Maneno ya kambini, hata hivyo, aliondoka nayo yote, na siku alipoajiriwa kwetu aliyaleta.

Ni kweli mji mzima una ugonjwa huo. Mume akichelewa kurudi anaulizwa permission, ile ruhusa ya askari, alipewa na nani, na mgeni wa kazi yoyote anaitwa bleu, yaani kuruta, hata akiwa na mvi. Papa Libérat alizidisha. Sabuni ilikuwa munisheni, doa lilikuwa adui, pasi ya makaa ilikuwa kifaru, na chai ya saa nne ilikuwa kusitisha mapigano. Aliyechelewa dakika tano alihesabiwa kuwa ametoroka jeshi. Kila asubuhi tulisimama mstari mbele ya mapipa, naye akatukagua kucha. Lakini tuseme haki: katika miaka yake yote chumba cha upasuaji hakikukosa shuka safi hata siku moja.

Amri yake kuu ilikuwa ya mvua. Wingu likishuka kutoka milimani na mashuka yako kwenye kamba, alipuliza filimbi na kupaza sauti: "Tunashambuliwa! Repli!" Repli ni kurudi nyuma, basi sote mbio uani, mashuka mabegani, tukicheka mpaka mbavu zinauma.

Miaka minne iliyopita aliajiriwa Bénédicte, mama mtulivu aliyekimbia vita kwao milimani na kupanga chumba kule Rugenge. Siku yake ya tatu mvua ikaja, filimbi ikalia, amri ikatoka. Bénédicte hakukimbilia kamba. Alitoka nje ya lango bila viatu na hakurudi. Alijua vizuri kwamba ni mvua tu. Miguu yake ndiyo iliyokataa kuamini. Jioni alituma neno kwamba ameacha kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inawalisha watoto wake watatu.

Kesho yake Papa Libérat alikwenda Rugenge, nami nikamsindikiza. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hana amri yoyote ya kutoa. Bénédicte akamwambia polepole: "Papa, minye najua weye uko unacheza. Lakini ile maneno nilishaisikia kwa benye bunduki."

Mzee akamjibu: "Basi rudi ku kazi, mwanangu. Ni minye nitabadirisha kinywa."

Naona aibu kuliandika hili. Tulikuwa tumeyachekea maneno yale miaka yote, mimi wa kwanza, na hakuna aliyejiuliza kama kati yetu yupo anayecheka kwa kuogopa kutocheka.

Kubadili kinywa ukiwa umekaribia miaka sitini si mchezo. Alibandika sheria ukutani: atakayetamka neno la vita atafua peke yake mashuka ya wodi ya wazazi. Wiki ya kwanza aliyafua yote yeye. Wiki ya pili pia. Rémy, mpiga pasi wetu, alilalamika kwamba nidhamu itakufa. Papa Libérat, ambaye hawezi kuishi bila msamiati, akahamia kwenye mambo ya ndoa. Sabuni ikawa mahari. Doa sugu likawa shemeji, kwa sababu haliondoki hata ukilionyesha mlango. Pasi ikawa mama mkwe: unaikaribia kwa heshima na hujui itakuchoma lini. Mvua ikianza anapaza sauti, "Bageni bamefika!" na mbio ni zilezile. Nidhamu haikufa. Bénédicte alirudi kazini, akadumu, na kuanzia tarehe mosi Julai yeye ndiye mkuu wa chumba.

Wiki iliyopita alimletea mzee zawadi yake ya kumuaga: siku ya mwisho arudishiwe maneno yake yote ya vita, asubuhi nzima, na yeye Bénédicte atasimama wa kwanza mstarini. Sisi tulifurahi kama watoto. Papa Libérat aliendelea kukunja foronya moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hapana, mama," alisema. "Hata ku nyumba nilishaiacha ile maneno. Kama bajukuu bangu bataisikia, haitatoka mu kinywa yangu."

Rémy ndiye aliyemsaidia kukunja foronya iliyofuata.

Papa Libérat, tumekutania miaka thelathini na mitatu na hatuna mpango wa kuomba msamaha. Tunakupenda, na kwa ile safari ya Rugenge tunakushukuru kuliko tunavyojua kusema. Ukae salama nyumbani na mkeo, Mama Léocadie, upate afya na asubuhi ndefu za kulala, na nguo zako zifuliwe na mtu mwingine.

Agnès, kwa niaba ya chumba cha kufulia