Gari-Nyumba Limezidi Ndama Mzima

Mji wa Brandvold, Nebraska, una makanisa mawili na benchi moja, na mtu akitaka kujua mambo ya dunia haendi kanisani. Benchi limeegemea ukuta wa ghala la mahindi la ushirika, linatazama mizani ya malori, na kahawa yake ni ya bure, ndiyo maana wanaokaa pale hawajawahi kuisifu. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu: Jaji, aliyepata jina kwa kupigwa faini mahakamani akatoka akimkosoa hakimu, Trekta, ambaye hajaendesha kitu chenye kasi kuliko trekta lake na haoni kwa nini aanze, na Kipimo, mpima mizigo wa ghala, makalio nusu benchini, nusu kwenye kiti cha kibanda chake. Wa nne alikuwa amesimama, kifua mbele, kikombe mkononi kama bendera. Huyo ni Norbert Kucera, waliyempa jina la Kapteni kwa sababu bahari hajaiona, ila ameihubiri tangu theluji ya kwanza. Juu ya mizani lilitulia gari-nyumba lake, refu kama bweni la shule, na ndani yake vitanda, jiko, choo, mke wake LaVonne, mama mkwe, mke wa mwanawe na wajukuu. Walikuwa wanakwenda Oregon, ng'ambo ya milima yote. Binti yake Corinne anaolewa ufukweni Jumamosi.

Norbert alikuwa ameapa mbele ya benchi hilohilo kwamba hatoki mjini kabla ya kupima. Binamu yake alizidisha mizigo, akapasua tairi kwenye mteremko wa Wyoming, akalala mtaroni na bata bukini. Yeye si mtu wa kulala na bata.

Kipimo alitoa kichwa dirishani.

— Kapteni, limezidi.

— Limezidi nini?

— Limezidi uzito ulioandikwa kwenye kile kibati kilichopigwa mlangoni kwako. Tena siyo kidogo. Limezidi ndama mzima, wa kuachishwa ziwa.

— Mizani yako mbovu.

— Mizani hii ilipima mahindi yako mwaka jana ukasema ni ya haki kuliko mbingu.

Jaji alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Norbert hakutikisika. Moyoni alishamjua mkosaji, na mkosaji ni wa chuma: cherehani ya miguu ya LaVonne, ya kurithi, ile ambayo yeye na mwanawe waliipandisha jana wakatoka wamepinda kama ndoano.

— LaVonne! aliita. Cherehani inashuka!

Mlango ukafunguka. LaVonne ana mwili mdogo na sauti ndogo, na watu wazima wamehama njia kwa sauti hiyo.

— Corinne kabadili mawazo kuhusu mikono ya gauni, unajua. Kabadili jana, kwa simu. Gauni halina mikono hata mmoja. Nitashona njiani.

— Utashona kwa mkono.

— Basi utamsindikiza wewe bibi harusi, umshikie na mikono ya gauni.

— Ninashusha, mama.

— Shusha. Ikishuka, na mimi nimeshuka.

Norbert akamwita Trekta, wakaishusha wakihema. LaVonne akaifuata, akakalia kiti chake palepale kando ya mizani, akafunua gauni jeupe magotini. Akakaa kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Kipimo akasoma upya.

— Bado, Kapteni. Ulichoshusha ni kichwa cha ndama. Mwili bado umo ndani.

Hapo benchi likaamka. Hakuna kinachowafurahisha wanaume wale kama jambo lisilowahusu.

— Ni mama mkwe, Trekta alinong'ona. Wazee wanakusanya. Yule bibi ana mawe ya kila mto wa jimbo hili.

— Nimesikia! sauti ya bibi ilitoka nyuma ya pazia, ikimwita Trekta kwa jina lake la ubatizo. Na wewe Orrin ulikuwa mzito tangu unabatizwa!

— Shikamoo mama, Trekta alisema, akajificha nyuma ya kikombe.

— Nyie hamjui fizikia, Jaji alisema. Uzito ni mambo ya mahali. Hapa Nebraska tuko chini, hewa imetukalia kichwani. Ukipanda Wyoming hewa inapungua, gari linapungua. Usishushe kitu, Kapteni. Kapime kule juu.

— Na wakati wa kushuka upande wa pili?

— Wakati wa kushuka utakuwa umeshafika karibu, huna haja ya mizani.

— Mimi nasema jua, Trekta aliongeza, ameona mwenzake kang'aa. Ngoja adhuhuri. Matairi yakipata joto yanajaa, yanalinyanyua gari lote. Nimeona kwa trekta langu. Mchana linaruka kama mbuzi.

— Trekta lako linaruka kwa sababu limekosa springi! Jaji alimkata.

— Hebu waambie wote ndani wavute pumzi waishike, Kipimo alisema, naye ndiye mwenye cheti cha serikali.

Wakajaribu. Wajukuu wakavuta pumzi hadi wakawa wekundu. Mizani haikuona.

Norbert alicheka na wenzake, lakini jicho lake lilikuwa kwa LaVonne. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hamtazami. Miaka yote ya ndoa LaVonne hajawahi kumwomba kitu zaidi ya bahari, na sasa alikuwa tayari kuiacha, pamoja na harusi ya mwanaye, kwa neno moja lililokwisha kutamkwa mbele ya benchi. Norbert naye alikuwa ametamka lake. Akatafuta mahali pa kulirudishia bila kuonekana anarudisha, hakupaona.

— Nitashusha na mablanketi, alisema kwa sauti kubwa. Na masufuria.

— Shusha, alisema LaVonne.

Ndipo akafika mchungaji mpya wa Kimethodisti, Renata Aguirre, mjini hata mwezi hajamaliza, amekuja kununua chakula cha mbwa. Akasalimia benchi, akapewa kahawa, akazunguka gari-nyumba kwa heshima kama anayeona farasi wa mtu.

— Samahani, mzee Kucera. Hapa chini panadondoka.

— Pasikutishe, mchungaji. Hayo ni maji. Tangi limejaa mpaka kooni.

— Maji ya nini?

— Ya kunywa! Ya kisima chetu! Norbert akapanua mabega, na benchi zima likapanua naye. Galoni mia! Mimi nilifika Omaha nikanywa maji yao, tumbo likaniuma hadi Jumapili. Maji ya watu yana ladha ya msumari.

— Ya kwetu ni matamu, Jaji alithibitisha. Yangeuzwa.

— Naam, alisema mchungaji. Kumbe kule mnakokwenda, njiani kote, hakuna maji?

Trekta akatazama anga, kama kuna mvua ya kumsaidia. Jaji alifungua mdomo, akaona hakuna sheria inayomruhusu, akaufunga. Kipimo, ambaye kazi yake maisha yote ni kujua uzito wa vitu, alirudi kibandani taratibu akavuta dirisha.

Norbert akaweka kikombe chini, akapiga goti, akafungua bomba la chini ya gari, na maji ya Brandvold yakaanza kutoka kwa kishindo.

— Nilikuwa nangoja nione nani ataligundua, alisema. Nyie watatu mmenitia aibu.

— Tulikuwa tunakupima, Jaji alisema.

Maji yalikwenda hadi kwenye mahindi yaliyomwagika, shomoro wakashuka kuoga. Yalipoisha, wanaume wote waliinuka kwa hiari yao, jambo ambalo benchi lile halijalizoea, wakaibeba cherehani ndani, kila mmoja akimfundisha mwenzake namna ya kushika. Norbert alishika upande mzito. LaVonne akapanda na gauni lake begani.

— Kapteni! Kipimo alipiga kelele. Umepona! Limeingia ndani ya kibati, na nafasi ya kuku imebaki!

Makofi yakapigwa. Norbert akaagana na kila mtu kama anayeondoka kwenda vitani, akamwachia mchungaji ushauri kuhusu mbwa, akashika mlango wa dereva. LaVonne akatoa kichwa dirishani.

— Norbert.

— Nakuja, mke wangu. Bahari inatungoja!

— Wewe hukuwamo humu mizani iliposoma. Una uzito gani?

Benchi likageuka kutazama viatu. Norbert alisimama pale, tumbo lake limetangulia, akaipima kwa macho ile nafasi ya kuku. Halafu akazunguka nyuma polepole, akafungua kabati la nje, akavuta sanduku lake la spana, lile la kutengenezea kila kitu, akamkabidhi Trekta.

Kipimo alichungulia mizani, akamchungulia Kapteni.

— Endelea kushusha, alisema.