Kitambaa Cheupe cha Fundi Pumzi

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Fundi Pumzi atavua ovaroli yake ya buluu na kuitundika msumarini kwa mara ya mwisho. Ameitumikia karakana hii miaka thelathini na minne na kuchelewa kazini mara moja tu. Wasifu huu nimepewa mimi mtunza stoo, kwa kuwa bosi anaamini anayejua fundi amechukua klempu ngapi, vile vibanio vya kukazia mabomba, anamjua fundi mwenyewe. Hajakosea sana.

Alianza kwa kuosha magari. Jina la Pumzi lilimjia baadaye, kwa sababu wenzake walipenda matairi mapana na muziki wa kutikisa vioo, yeye akapenda jinsi gari linavyovuta hewa. Alikuwa akitoa boksi la chujio lililokuja na gari, anafunga bomba jipya pana, halafu anatega sikio juu ya injini huku anatabasamu peke yake. Jamani, mtu huyu aliweza kukueleza habari za hewa mpaka chai yako ikapoa, ukaletewa nyingine, nayo ikapoa.

Sasa tuseme ukweli, maana mwenyewe kaniruhusu. Katika mwaka wake wa saba hapa, mdogo wa mkewe alikuwa anaoa. Fundi akamfungia shemeji yake zawadi: bomba refu linalong'aa, mdomo wake umeshushwa chini kabisa nyuma ya bampa, eti huko ndiko kwenye hewa ya baridi. Asubuhi ya harusi mvua ikanyesha. Bwana harusi akaingia kwenye dimbwi, bomba likanyonya maji badala ya hewa, injini ikazima pale pale. Ukweni alifika kwa lori la saruji, amekalia mifuko, suti nyeusi imegeuka ya kijivu. Fundi alilifuata gari kule kule dimbwini, akachomoa kitambaa cheupe kwenye koti lake, akakisukuma ndani ya bomba, na alipokikamua maji yakamwagikia viatu vyake vipya. Shemeji akaapa mbele ya wakwe kwamba Fundi hatafungua tena boneti yake maishani. Injini ile ikatengenezwa na fundi mwingine, na hilo ndilo lililomuuma mzee wetu kuliko yote.

Tangu siku hiyo, hakuna mdomo wa bomba aliouweka chini ya kiuno chake. Kabla ya kutoboa chochote husimama kando ya gari, amejinyoosha utadhani anapimwa suruali. Chujio hulizungushia kinga ya bati yenye kitundu cha kudondoshea maji, kisha hulivika kitambaa kisichopitisha maji, ambacho sisi tunakiita soksi. Nyuma ya karakana alichimba bwawa lake, maji yakifika nusu ya gurudumu. Kila gari hulivusha mwenyewe, polepole, halafu hufungua bomba na kupangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka kikavu, gari linaondoka. Kikitoka na unyevu anaanza upya, hata mteja alie. Siku moja bosi alipanda naye akasahau kufunga kioo, akatoka ameloa chapachapa. Fundi alitazama kitambaa, akatutangazia kwamba hakuna tatizo lolote.

Jumatatu ya wiki iliyopita, shemeji aliingia getini. Miaka ishirini na saba! Alisema binti yake anaolewa Jumamosi, mvua zimeanza, na anataka gari la bibi harusi lifungwe bomba la hewa na yule yule aliyelikosea la kwanza. Spana zilianguka karakana nzima. Fundi alipima kiuno mara tatu. Gari lilihitaji klempu nne, mimi nikatoa kumi na moja, maana kila akikaza anafungua. Tulijua wote kwamba kitambaa kikitoka kimelowa, atastaafu na lile lori la saruji kichwani mpaka mwisho wa siku zake.

Waliingia bwawani pamoja, shemeji kafumba macho. Gari likavuka likinguruma. Fundi akafungua bomba, akaingiza kitambaa, na hakuthubutu kukitazama, akampa shemeji moja kwa moja. Kikavu! Shemeji alikigeuza pande zote, akakinusa, kisha akajifutia machozi, na hayakuisha upesi. Fundi alipokipokea na kukiminya, alipaza sauti kwamba gari limefaulu, ila shemeji ndiye anayevuja. Tulicheka mpaka bosi akaketi chini kwenye oili. Jumamosi mvua ilimwagika, na bibi harusi alifika nusu saa kabla ya wakati.

Fundi, asante kwa magari yote yaliyofika kwa sababu yako. Mkeo, dada yetu, anatuambia naye anastaafu Ijumaa hiyo hiyo kuvifua na kuvipiga pasi vitambaa vyako, na tunampongeza. Kumi na viwili ulivyoacha viko stoo, juu, mbali na wenye mikono ya grisi. Cha shemeji sikukifua. Tunakuombea uzee mtamu wenye usingizi wa kutosha. Nenda kapumue, mzee wetu, tutakukosa sana.